Upepo wa Tairi la Pikipiki Mkoani Singida: Uzito, Joto na Njia

Vitabu vya sayansi vya Kiswahili hulitaja jambo linalochambuliwa hapa kwa neno kanieneo, yaani kani iliyogawanywa kwa eneo inaloliegemea, ilhali katika vijiwe vya bodaboda vya Singida mjini, Kiomboi, Ikungi na Manyoni jambo hilohilo huitwa upepo, na tairi husemwa kuwa limejaa upepo, limepungua upepo au limeishiwa upepo. Maneno hayo mawili hayapingani, lakini kila moja huipeleka akili upande wake. Upepo humfanya mtu afikirie ujazo, kana kwamba tairi ni debe linalopimwa kwa kujaa, na anayefikiri hivyo hawezi kulaumiwa akiamini kuwa tairi gumu zaidi ndilo zuri zaidi. Kanieneo humlazimisha aulize ni kani ipi, juu ya eneo gani, na kwa kuuliza hivyo hugundua kuwa tairi peke yake halina upepo wake sahihi, bali upepo sahihi ni wa uzito uliokaa juu ya gurudumu fulani katika safari fulani. Uchambuzi huu unafuata njia hiyo ya pili, na hoja yake ni kwamba mazoea ya kujaza magurudumu yote mawili hadi yawe magumu kama jiwe ni sahihi kwa nusu, na nusu hiyo ni ya gurudumu la nyuma.

Tairi la upepo, ambalo Robert William Thomson wa Uskoti alilipatia hataza mwaka 1845 na ambalo John Boyd Dunlop alilibuni upya mjini Belfast mwaka 1888 kwa ajili ya baiskeli, halibebi mzigo kwa ugumu wa mpira wake. Kinachobeba ni hewa iliyobanwa ndani, na kazi kubwa ya mpira ni kuishikilia hewa hiyo isitawanyike. Kwa sababu hiyo uzito unaolikalia gurudumu, ukigawanywa kwa kanieneo ya hewa, hutoa kwa makadirio eneo la tairi linalogusa barabara, ambalo hapa litaitwa unyayo wa tairi. Ikiwa gurudumu la nyuma limebeba kilo 110 na upepo wake ni kilo 2 kwa kila sentimeta ya mraba, unyayo huwa karibu sentimeta za mraba 55, eneo lisilotimia kiganja cha mtu mzima. Hesabu hiyo si kamili, kwa maana ubavu wa tairi nao una ukakamavu wake unaochukua sehemu ya mzigo, lakini inatosha kuonyesha jinsi mambo yanavyokwenda. Mzigo ukiongezeka pasipo upepo kuongezwa, unyayo hutanuka, ubavu hupinda zaidi kila gurudumu linapozunguka, na kupinda huko ndiko kunakozaa joto linalolegeza gundi ya viraka, kutenganisha mpira na nyuzi zake na hatimaye kuutia ubavu nyufa. Upepo ukizidi, unyayo husinyaa, katikati ya tairi huliwa kabla ya pembeni hadi libaki kipara, breki hupoteza mshiko kwenye changarawe, na mitetemo ambayo tairi lingeimeza huhamia kwenye spoku, ringi na shokapu.

Kipimo kilichozoeleka ni paundi kwa kila inchi ya mraba, ambacho huandikwa psi na ambacho mafundi wengi hukitaja kwa tarakimu tu, wakisema tairi liwekwe thelathini au arobaini bila kuongeza neno. Baa moja ni sawa na psi 14.5, na kilo moja kwa sentimeta ya mraba ni psi 14.2. Kwa pikipiki nyepesi za India kama vile Bajaj Boxer na TVS HLX, ambazo pamoja na SanLG na nduguze wa kutoka China ndizo zinazoonekana zaidi vijiweni, mwongozo wa mwenye chombo kwa kawaida hutaja takriban psi 25 kwa gurudumu la mbele, na kwa la nyuma psi 28 dereva akiwa peke yake na psi 32 akiwa na abiria, zote zikipimwa tairi likiwa baridi. Mwongozo huo hubaki kabatini kwa tajiri, yaani mmiliki wa pikipiki, au hupotea mapema, na nafasi yake huchukuliwa na namba iliyochorwa ubavuni mwa tairi, ambayo husema jambo jingine kabisa. Tairi lililoandikwa 3.00-17 50P 6PR lina upana wa inchi 3 na huvaa ringi ya inchi 17. 50 ni alama ya mzigo yenye maana ya kilo 190, P ni alama ya mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa, na 6PR huonyesha kuwa uimara wake unalingana na wa tairi lenye tabaka sita za nyuzi. Psi inayoandamana na alama hizo ni upepo ambao tairi linauhitaji ili libebe kilo zote 190, wala si agizo kwamba kila mwenye tairi hilo aujaze.

Hapo ndipo swali linapogeuka kuwa la uzito, na uzito wa Singida una sura zake. Pikipiki ya aina ya Boxer ina uzito wa karibu kilo 120, na zaidi kidogo ya nusu yake hukaa nyuma. Dereva wa kilo 65 akipanda, gurudumu la nyuma hubeba jumla ya kilo 110 hivi. Abiria mmoja wa uzito huohuo, kwa kuwa ameketi karibu kabisa juu ya ekseli ya nyuma, huongeza kilo 60 kwenye gurudumu hilo na kulifikisha kilo 170, na ndiyo maana mwongozo huomba psi 32 badala ya 28. Abiria wa pili, yaani ule upakiaji ambao Tanzania nzima huuita mshikaki, huketi nyuma ya ekseli, na mtu aliyeketi nyuma ya ekseli hufanya kazi ya mtu aliye kwenye ncha ya pembea: huliongezea gurudumu la nyuma uzito unaozidi hata uzito wake mwenyewe, huku akilinyanyua la mbele. Gurudumu la nyuma hufika kilo 240, ilhali tairi liliidhinishwa kilo 190. Hakuna upepo unaoweza kuziba pengo hilo, kwa sababu alama ya mzigo tayari imehesabiwa kwa upepo wa juu kabisa, na anayejaza psi 45 ili mshikaki upite hajaongeza uwezo wa tairi bali ameongeza nguvu ya mlipuko wake. Leseni ya biashara ya bodaboda, ambayo tangu Sheria ya LATRA ya mwaka 2019 imekuwa chini ya mamlaka hiyo iliyorithi kazi za SUMATRA katika usafiri wa nchi kavu, humtambua abiria mmoja tu, na ingawa sharti hilo huelezwa mara nyingi kwa lugha ya ajali na kofia ngumu, hesabu ya tairi pekee ingetosha kulitetea.

Mizigo ni ngumu zaidi kukadiria kuliko watu, kwa sababu jicho hupima ukubwa na gurudumu hupima uzito. Mkoa huu unajulikana kwa kuku wa kienyeji, alizeti, vitunguu na asali, na vyote hivyo hupanda pikipiki kabla ya kupanda lori. Tenga la kuku 30 lililofungwa nyuma ya dereva hujaza njia nzima na humfanya mpita njia ashike kichwa, lakini kuku wenyewe, wakiwa wa kilo moja na nusu kila mmoja, hawazidi kilo 45, yaani ni wepesi kuliko abiria. Madumu sita ya lita 20 ya mafuta ya alizeti, yaliyofungwa kwa mpira pande mbili na kukaa chini kiasi kwamba hayaonekani kwa anayetazama kwa mbele, yana kilo 110 bila kuhesabu plastiki yake. Hata gunia lenyewe hudanganya: gunia ambalo likijazwa mahindi hufika kilo 100 huishia kilo 60 na kitu likijazwa alizeti, kwa sababu punje ya alizeti ni maganda na hewa, na vitunguu vikifungwa kwa mtindo wa lumbesa, ule wa kuvimbisha mdomo wa gunia kwa wavu na kamba, havina uzito unaoweza kutabiriwa na mtu yeyote. Dereva anayeongeza upepo kwa kuogopa tenga na kuuacha ulivyo kwa madumu ametenda kinyume cha kile gurudumu lilichohitaji.

Gurudumu la mbele liko katika hali tofauti kabisa, na ni ajabu kwamba huzungumzwa kidogo. Mzigo unapoongezwa nyuma, la mbele haliongezewi chochote cha maana, na pengine hupunguziwa. Kwa hiyo hakuna sababu ya uzito inayodai lijazwe kupita psi 25 za mwongozo. Zipo sababu nzito za kutolijaza kupita hapo, kwa kuwa gurudumu hilo ndilo linaloongoza chombo na ndilo linalobeba sehemu kubwa ya kazi ya kusimama breki inaposhikwa kwa nguvu. Likiwa gumu, na tayari limepungukiwa uzito kwa sababu ya madumu ya nyuma, huelea juu ya mchanga na kudunda juu ya changarawe, na usukani huwa mwepesi kwa namna ambayo dereva mgeni huifurahia hadi kona ya kwanza. Kwa sehemu kubwa ya mwaka njia za vijiji vya Iramba, Mkalama na Ikungi ni mchanga juu ya udongo mgumu, na ipo hoja nzuri ya kulishusha gurudumu la mbele hadi psi 22 hivi kwa anayefanya kazi huko kutwa nzima.

Madereva wa mashindano ya nje ya barabara hushuka hata psi 15 na chini yake kwenye mchanga, na vijana waliowaona kwenye video huuliza kwa nini bodaboda asifanye vivyo hivyo. Jibu limo katika vifaa. Ringi za mashindano zina vibano vinavyolishika tairi lisizunguke peke yake. Ringi ya spoku ya bodaboda haina kibano, na tairi lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa huteleza taratibu juu ya ringi kila dereva anapofunga breki au kuvuta mafuta, likiiburuta tyubu pamoja nalo. Dalili yake inaonekana kwa macho: shingo ya vali, ambayo inapaswa kusimama wima kuelekea kitovu cha gurudumu, huanza kulala upande mmoja. Vali iliyolala ni tyubu iliyokwisha kuanza kuchanika shinani, na mchaniko wa hapo hauzibiki kwa kiraka.

Tyubu iliyotobolewa, kwa anayejua kuisoma, hueleza kwa usahihi zaidi kuliko dereva upepo ulikuwaje. Fundi pancha huivuta tyubu kutoka kwenye tairi, huijaza kidogo, huipitisha ndani ya beseni la maji na kungoja mapovu, na mapovu yakitoka mahali pamoja upande unaoelekea barabarani, mara nyingi aliyetoboa ni mwiba. Miiba haina uhaba katika nyika ya Singida: ipo ya migunga kuelekea Wembere, ipo ya vichaka vya Itigi, na ipo ile midogo ya mbigili, mmea unaotambaa kandokando ya njia za miguu na kuzaa tunda lenye pembe ambalo, likianguka vyovyote, huacha pembe moja imeelekea juu. Mapovu yakitoka katika mipasuko miwili mifupi iliyokaa sambamba, hakuna mwiba wa kulaumiwa. Tyubu ilibanwa kati ya jiwe na kingo mbili za ringi kwa sababu upepo haukutosha kuizuia ringi isifike chini. Tofauti hiyo ina uzito wa kiuchambuzi, kwa sababu imani kwamba tairi gumu huepusha pancha ni kweli kwa pancha ya kubanwa na si kweli kwa pancha ya mwiba. Mpira uliovutwa kwa upepo mwingi haubonyei mwiba unapogusa, na pengine hupenyeka kwa urahisi zaidi; dereva anayeongeza upepo baada ya kila pancha ya mbigili anatibu ugonjwa ambao hana.

Njia zenyewe hazidai upepo mmoja. Barabara kuu ya lami inayotoka Dodoma hupanda hadi Manyoni, hupita Ikungi na Singida mjini, kisha hushuka Mlima Sekenke kwenda Shelui na mbuga za Wembere kuelekea Igunga na Nzega. Nyingine hutoka Singida kwenda Babati kupitia Katesh. Juu ya lami hizo psi za mwongozo zinafaa bila marekebisho. Nje yake, kama katika njia ndefu ya Itigi kwenda Rungwa, uso wa barabara hukunjamana kama bati la mgongo, na hapo tairi la nyuma lililozidishwa psi 8 au 10 hugonga kila kikunjo badala ya kukimeza, hadi spoku zianze kulegea moja baada ya nyingine. Masika mbuga nyeusi hugeuka tope linaloziba kashata za tairi zote, na wakati huo upepo si swali tena, kwani tairi lisilo na kashata zinazoonekana halitofautiani na jingine.

Joto na mwinuko huongeza mambo mawili ambayo hupewa uzito mkubwa mno au kutopewa kabisa. Hewa iliyofungwa ndani ya tairi hupanda kanieneo inapopata joto, na kwa tairi la psi 28 katika mwinuko wa Singida kila nyuzi 15 za Selsiasi huongeza karibu psi 2. Asubuhi za Juni na Julai, upepo mkavu ukivuma kutoka kusini-mashariki, nyuzi joto hushuka hadi 15 au chini yake, na alasiri za Oktoba na Novemba hupita 30. Tairi lililopimwa saa saba mchana baada ya safari ya Ikungi halisemi ukweli, na anayetoa upepo kwa sababu amelikuta na psi 32 hujikuta na pungufu ya psi 28 alfajiri inayofuata. Ongezeko la asilimia 10 hivi kutoka baridi hadi moto ni la kawaida. Likizidi sana hapo, maana yake ni kwamba upepo wa baridi ulikuwa mdogo kwa mzigo ule na tairi limejipasha kwa kupinda kupita kiasi.

Ama mwinuko, mji wa Singida uko kwenye kimo cha karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ya nje ni karibu psi 12.3 badala ya 14.7 za pwani. Geji husoma tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje, si hewa ya ndani peke yake, kwa hiyo tairi lililojazwa psi 28 Dar es Salaam na kusafirishwa hadi Singida kwenye lori hukutwa na psi 30 na ushei, ingawa hakuna aliyeligusa. Kwa pikipiki tofauti hiyo haina madhara ya kumkosesha mtu usingizi. Kinachohisiwa zaidi ni kazi ya pampu ya mkono: hewa ya Singida ni nyepesi, na kila msukumo wa pampu hubeba hewa pungufu kwa karibu moja ya sita ikilinganishwa na ya pwani, hivyo kijana anayejaza tairi kwa kuhesabu misukumo aliyoizoea Tanga atapata tairi lililopungua na hatajua kwa nini.

Kuhesabu misukumo, hata hivyo, ni bora kuliko kidole gumba. Kubonyeza tairi kwa kidole, au kulipiga kisigino na kusikiliza linavyorudisha, ni urithi wa baiskeli, ambayo tairi lake jembamba linahitaji upepo mwingi na ambayo ubavu wake mwororo humwonyesha mtu mara moja kuwa limepungua. Tairi la pikipiki lenye uimara wa tabaka sita lina ubavu mkavu, na kidole hakiwezi kutofautisha psi 20 na psi 32, yaani hakiwezi kutofautisha upepo unaoua tyubu chini ya abiria na upepo uliokusudiwa kumbeba. Kompresa za mjini nazo zina matatizo yake, kwa kuwa nyingi zina geji ya tangi na si ya tairi, na fundi husoma hewa iliyo tangini huku mpira wa kujazia ukivuja kwenye vali. Geji ndogo ya kalamu, ambayo dereva huweza kuitia mfukoni na kuitumia alfajiri kabla ya kuwasha chombo, ndiyo kifaa pekee kinachopima jambo lenyewe mahali penyewe kwa saa yenyewe.

Kwamba geji hiyo ni adimu vijiweni haipaswi kuelezwa kwa ujinga wa madereva, kwa sababu mazoea ya tairi gumu yana mantiki ya kifedha. Dereva anayeendesha kwa hesabu, yaani anayempelekea tajiri kiasi kilichokubaliwa kila siku, mara nyingi hulipia pancha kutoka mfukoni mwake na kupoteza muda wa kazi anapoiziba, ilhali tairi lililoliwa katikati, ringi iliyopinda na spoku zilizokatika huja baadaye na huangukia upande wa tajiri. Upepo mdogo humwadhibu dereva leo. Upepo mwingi humwadhibu tajiri baada ya miezi. Haishangazi basi kwamba dereva wa hesabu hujaza hadi tairi lilie, na kwamba yule wa mkataba, ambaye chombo kitakuwa chake akimaliza malipo, huanza kuuliza habari za geji kadiri siku za mwisho za mkataba zinavyokaribia.

Linabaki swali la safari ya kurudi, ambalo miongozo hailigusi. Dereva aliyetoka Mtinko na madumu sita kwa psi 36 nyuma, akayashusha sokoni Singida, anarudi peke yake na tairi lililojazwa kwa ajili ya mzigo ambao haupo tena. Kupunguza upepo kunataka ncha ya kijiti na sekunde chache, lakini kuurudisha kesho kunataka pampu, na pampu iko kwa fundi. Katika hali hiyo kosa la kuwa juu ni jepesi kuliko kosa la kuwa chini, mradi liwe la gurudumu la nyuma peke yake: anaweza kuliacha lilivyo, apunguze mwendo kwenye changarawe na kukubali kutikiswa hadi nyumbani. La mbele, ambalo halikubeba dumu hata moja, linapaswa kuwa na psi 25 zilezile wakati wa kwenda na wakati wa kurudi.